Mmarekani Wetu wa Msimu Huu

28 Septemba

Mmarekani amefika. Ingimar, mwenyekiti wa klabu yetu ya mpira wa kikapu, alimpokea uwanja wa ndege akamleta moja kwa moja bwawani kwangu, kana kwamba mimi ndiye afisa uhamiaji. Kwa namna fulani ni kweli. Hapa Kaldeyri, mji wetu mdogo wa kaskazini, mtu hajafika mpaka aonekane kwenye beseni la nje la maji ya moto, tunamoketi na kuzungumza, na zamu ya mchana ya bwawa la kuogelea ni yangu.

Anaitwa Lavelle Pruitt, ana miaka thelathini na mitatu, kwao ni Greenwood, Mississippi. Ananizidi urefu kwa kiganja tu. Sheria ya ligi inaturuhusu Mmarekani mmoja kila msimu, na kila msimu namba anayochukua ni yangu.

Hatukumaliza hata dakika kumi bafuni kwa wanaume bila ugomvi.

"Kaptula unavua," nilimwambia. "Unaoga kwanza kwa sabuni, mwili mzima, ndipo unaivaa na kuingia majini. Ndiyo sheria."

"Nimeoga asubuhi hotelini."

"Hoteli si hapa."

Akamtazama mzee Ketill, mteja wetu wa kila siku, aliyekuwa akijisugua makwapa huku akipiga mluzi. "Kaka, nimeoga na wanaume katika nchi tisa. Hakuna aliyewahi kusimama mlangoni kunikagua."

"Sikukagui. Niko kazini."

"Kazi gani hiyo!" Akachukua begi lake akaondoka mkavu kama alivyokuja.

Sigurlaug, mkunga mstaafu, alikuwa nje, ndani ya beseni karibu na mlango wa bafu, maji yamemfika shingoni. Hakuna neno linalompita. "Sindri wangu," alisema, "umemfukuza kabla hajarusha hata mpira mmoja. Yule wa mwaka jana ulimvumilia mpaka Novemba."

30 Septemba

Mvua inayopiga ubavuni. Mazoezi ya kwanza. Mkono wa kushoto na wa kulia, kwa Lavelle yote ni ya kulia. Nimerudi nyumbani nimenuna.

7 Oktoba

Mchezo wa kwanza, nyumbani. Tumeshinda. Yeye pointi thelathini na moja; mimi dakika chache na faulo mbili. Wakati wa chakula mke wangu Hrefna aliniuliza, "Umekasirika kwa sababu anacheza vibaya, au kwa sababu anacheza vizuri?" Yeye ni muuguzi, anajua pa kubonyeza.

15 Oktoba

Lavelle analalamika. Upepo, kahawa, bei ya ndizi, kipasha joto cha chumbani kwake ambacho hakizimiki. Nikamwambia afungue dirisha. Akasema akifungua dirisha upepo nao unaingia kulalamika. Nilicheka kabla sijajizuia.

19 Oktoba

Amerudi bwawani. Ameoga bila kaptula, huku akiimba kwa sauti kubwa, nadhani ili kunikomoa. Ketill amemsifu sauti. Halafu amekaa kwenye beseni saa nzima, Sigurlaug akimhoji: mama ni nani, baba ni nani, mke anafanya kazi gani, mtoto yuko darasa la ngapi. Mke ni Charisse, mtoto ni Nyla, ana miaka tisa. Kabla ya chakula cha jioni mji mzima ulikuwa unajua.

Jambo moja nimeliona: bwawa kubwa hakulisogelea. Alipopita kando yake alitembea akiwa ameegemea ukuta.

6 Novemba

Kocha Njáll alituleta timu nzima bwawani kulegeza misuli baada ya safari ndefu ya basi. Akaamuru kila mtu aogelee mizunguko kumi. Lavelle alikohoa, akashika kifua, akasema mafua yamembana. Akaketi kwenye kiti akiwa amejifunika taulo mpaka wote wakaondoka. Nilikuwa nakusanya vifaa alipokuja akasimama karibu yangu, akitazama pembeni.

"Sijui kuogelea," alisema.

Nilidhani ni mzaha. Kwetu hapa mtoto hamalizi shule bila kujua kuogelea. Mtu mzima asiyejua ni kama mtu mzima asiyejua kufunga viatu. Lakini hakuwa anatania. Binamu yake alizama katika mto wa kwao walipokuwa wadogo, na tangu siku hiyo mama yake alipiga marufuku maji yoyote yanayopita magoti.

"Nifundishe," alisema. "Ila usimwambie mtu."

"Hapa Kaldeyri? Sigurlaug atajua kabla hujalowa."

"Basi usimwambie mwingine. Na mimi nitakufundisha mkono wa kushoto."

"Nani kakwambia mkono wangu wa kushoto mbovu?"

"Kila timu tuliyocheza nayo, kaka."

9 Novemba

Somo la kwanza, kabla bwawa halijafunguliwa kwa watu. Ametumbukiza uso. Ametoka kama paka.

17 Novemba

Jua limejificha nyuma ya mlima, halitaonekana tena mpaka mwisho wa Januari. Lavelle akauliza, "Na hakuna wa kumpigia simu kulalamika?"

28 Novemba

Asubuhi yeye majini, jioni mimi ukumbini, kabla wenzetu hawajafika. Ananifunga mkono wa kulia mgongoni kwa mkanda wa gauni la kuogea. Napiga mpira vidoleni, miguuni, ukutani. Yeye hacheki. Anasema tu, "Tena." Nilikuwa namwona mtu wa majivuno, kumbe ni mtu wa kurudia. Kitu kimoja anaweza kukirudia mpaka taa za ukumbi zizimwe, wala hachoki wala hachokozi.

3 Desemba

Ameelea chali! Si muda mrefu, lakini ameelea. Mkono wangu ulikuwa chini ya mgongo wake, nikautoa taratibu bila kumwambia. Alipogundua aliniita majina ambayo sikuyajua, halafu akataka tena.

11 Desemba

Tumeshindwa ugenini. Basi, theluji, soseji za kituo cha mafuta.

23 Desemba

Dhoruba imefuta ndege zote, kwa hiyo Lavelle hakwenda kwao kwa Krismasi. Hrefna amesema aje akae kwetu. Amefika siku ile ile tunayopika samaki aitwaye taa, aliyevundikwa mpaka akanuka. Akasimama mlangoni, kashika pua.

"Sindri, sema kweli. Nani amekufa humu?"

"Ni samaki. Ni mila."

"Aliyemuua mtafuteni."

Hata hivyo alionja, machozi yakamtoka, Hrefna akamwekea siagi zaidi. Baadaye alizungumza na Nyla kwa simu, nikamsikia akimweleza mtoto kwamba wenyeji wake wanakula samaki aliyekwisha kufariki mara mbili.

12 Januari

Lavelle ameumia. Robo ya tatu, hakuna aliyemgusa. Aligeuka kwenda kikapuni, goti likabaki nyuma. Ukumbi ulinyamaza mpaka nikasikia viatu vya mwamuzi. Mimi na Ketill, aliyeshuka kutoka kwa watazamaji, tulimbeba, yeye akitazama dari na kusema, "Sawa, sawa, sawa," kana kwamba anambembeleza mtu mwingine.

Njáll aliniingiza. Nilicheza mpaka mwisho na tukashinda. Sikumbuki kikapu hata kimoja.

16 Januari

Majibu ya picha: gegedu la goti, ule mfupa laini, limechanika kidogo. Halihitaji kupasuliwa, lakini hakuna kukimbia kwa wiki sita, na labda zaidi. Hrefna alimweleza polepole, akichora goti kwenye karatasi. Lavelle aliuliza swali moja tu: "Dirisha la usajili linafungwa lini?"

Tarehe thelathini na moja.

21 Januari

Nitaandika yote kama yalivyokuwa, maana leo nimegombana na mtu ninayemheshimu.

Mchana Ingimar alikuja bwawani pamoja na Njáll. Walipozama kwenye beseni nilijua ni kikao. Mambo makubwa ya mji huu huamuliwa ndani ya maji ya moto, na yale ya ofisini huwa ni kutia saini tu. Sigurlaug na Ketill walikuwemo tayari. Nikachukua ufagio nikafagia theluji karibu nao, sehemu niliyokuwa nimeshaifagia.

"Nimepata mwingine," Ingimar alisema. "Yuko Kosovo, mkataba wake umevunjika. Anaweza kufika Alhamisi."

"Na Lavelle?" Njáll akauliza.

"Arudi kwao akatibiwe. Ndiyo biashara ilivyo, bwana. Tuko nafasi ya pili. Tangu nianze kuongoza klabu hii hatujawahi kuwa nafasi ya pili mwezi wa kwanza. Tukikosa kupanda daraja msimu huu, tutapanda lini?"

Hapo nikasema. Sikupanga. "Mpeni muda. Mtoano unaanza mwisho wa Machi. Wiki sita zinaisha mwanzoni mwa Machi."

Ingimar akanigeukia, mvuke ukimpita usoni. "Wewe unataka namba yako, Sindri. Huyu akikaa kitandani, wewe unacheza. Akija mwingine, unarudi benchi."

Maneno hayo yaliniuma kwa sababu yalikuwa ya kweli. Usiku uliotangulia nilikuwa nimeyafikiri mwenyewe, nikageukia upande wa pili kitandani. Nikajibu, "Naitaka, ndiyo. Nani hataki kucheza? Lakini mtu wa Kosovo hajui michezo yetu, hajui Njáll akipiga kelele anamaanisha nini. Nipeni Lavelle majini. Kwenye kina kirefu mtu anakimbia bila kugusa chini, goti halibebi kitu. Hrefna atapanga mazoezi. Mimi nitashika namba mpaka arudi, na akirudi nitakaa benchi."

"Kina kirefu? Huyo?" Ketill akashangaa. "Huyo haogelei."

Kumbe wote walikuwa wanajua. Sigurlaug hata hakuona haya.

"Anaelea," nilisema. "Chali. Anafika nusu ya bwawa."

Njáll alifuta miwani yake, ikaingia ukungu tena. Mwishowe akasema, "Mimi namtaka huyu. Vijana wanamsikiliza kuliko wanavyonisikiliza mimi."

"Na mimi pia," Sigurlaug akadakia.

"Sigurlaug, wewe si mjumbe wa kamati."

"Ingimar, mimi nilikushika miguu ukiwa huna nguo wala jina. Katika beseni hili ni mjumbe wa kudumu."

Ketill alicheka mpaka akameza maji. Ingimar hakucheka. Akasema, "Haya, abaki. Lakini tukishindwa, Sindri, nitakuja kukwambia hapa hapa." Nikamwambia saa za kazi anazijua.

Nilipomaliza zamu nilikwenda kwa Lavelle. Mlango ulikuwa wazi. Masanduku mawili yalikuwa yamesimama karibu na mlango, yamefungwa. Kitanda kimetandikwa, friji imefutwa.

"Unakwenda wapi?"

"Sijui bado. Wakuu wa klabu huwa wanakuja asubuhi mapema." Alisema bila uchungu, kama mtu anayeeleza ratiba ya basi. "Slovakia ilikuwa ujumbe wa simu: gari liko chini. Cyprus nilikuta kufuli jipya mlangoni. Uruguay kocha alilia, huyo namshukuru. Miaka kumi na moja, Sindri, na sijawahi kuagana na mtu. Nilijifunza kupanga sanduku kabla ya kuambiwa. Aibu inapungua."

Kwetu mtu hamshiki mwenzake bega hivi hivi. Nikachukua sanduku moja, nikalilaza kitandani, nikalifungua.

"Somo lako ni kesho saa ile ile," nilisema. "Na kaptula unavua."

Akachukua la pili akalifungua mwenyewe.

25 Januari

Jua limerudi. Dakika chache tu, juu ya paa la kanisa. Mji mzima tumekula chapati za maziwa na jemu. Lavelle alitoka nje na magongo yake, akalivulia kofia.

31 Januari

Dirisha limefungwa. Ingimar amepita bwawani, ameacha mkanda mpya wa kuelea kwenye meza yangu.

2 Februari

Kina kirefu. Mkanda kiunoni, nimo majini mbele yake. Alishika ukingo kwa vidole vyote.

"Mama yangu akiniona hapa atakuua wewe kwanza."

"Mwambie Hrefna ndiye aliyeamuru."

Akaachia mkono mmoja. Nikangoja. Nje upepo ulikuwa unavuta mvuke juu ya maji kama pazia. Akaachia wa pili. Alizama mpaka kidevuni, akabaki hapo, macho yametoka, kisha miguu ikaanza kukimbia. Alikimbia pasipo chini, mahali pamoja, akipumua kama treni. Sigurlaug akampigia makofi kutoka kwenye beseni. Lavelle, bila kumtazama, akasema, "Mwambie asinichekeshe. Nitakufa."

12 Februari

Siku ya maandazi ya krimu, mila yetu ya kila mwaka. Wote tumevimbiwa. Mazoezi yalikuwa aibu.

24 Februari

Tumeshinda ugenini. Nimefunga mara mbili kwa mkono wa kushoto. Baada ya mara ya pili niligeuka kutazama benchi: Lavelle alikuwa ameinamisha kichwa, anatikisika mabega. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

Nimeanza kuona kwamba akiwa benchi anaona vitu ambavyo akiwa uwanjani alivifanya tu. Anamvuta kijana mmoja mmoja, anamwonyesha kwa kidole. Njáll naye amesogeza kiti chake karibu.

10 Machi

Amekimbia ukumbini. Polepole, kama mzee anayewahi duka, lakini amekimbia. Hrefna alimfuata nyuma na saa mkononi, ananong'ona namba.

15 Machi

Mvua juu ya theluji. Barafu kila mahali. Ketill ameanguka mbele ya benki, hajaumia, amekasirika tu.

28 Machi

Mtoano umeanza. Lavelle amerudi, dakika kumi na tano tu kwa amri ya Hrefna. Nilikaa benchi, kama nilivyoahidi. Nilitegemea kuumia moyo, nikatafuta maumivu hayo nikayakosa.

9 Aprili

Tumeingia fainali! Ingimar ameruka bwawani na suti yake. Kwa kuwa hakuoga kwanza, nimemtoa nje.

21 Aprili

Mchezo wa mwisho wa fainali, nyumbani, mshindi anapanda daraja. Watu walikaa mpaka kwenye ngazi. Dukani aliachwa msichana mmoja, naye alifunga akaja. Timu ya kusini walikuwa na Mmarekani wa miaka ishirini na mitatu anayeruka kama amesahauliwa na uzito.

Lavelle alimshika kwa akili. Alijua atakakokwenda kabla hajakwenda, akamtangulia. Mpaka robo ya nne tulikuwa mbele kwa pointi tano. Lakini nilikuwa nalitazama goti lake. Kila akishuka, alishukia mguu mmoja. Yule kijana naye aliona. Akampita mara moja, akampita mara ya pili, tukawa sawa.

Zikiwa zimebaki dakika mbili, Lavelle akainua mkono kuelekea benchi. Hakuna aliyemwita. Alijitoa mwenyewe. Nilipokuwa naingia badala yake alinishika shati kifuani. "Yule kijana hapendi kusukumwa kushoto. Msukume huko. Wala usinitazame mimi."

Nilimsukuma kushoto. Alikosa. Nikapata mpira, nikafunga, kwa mkono wangu ule mbovu, na sauti ya watu ilinifika kifuani kabla ya masikioni. Halafu wakarudisha. Sekunde za mwisho yule kijana alikwenda kushoto kweli, nikawa mbele yake kabisa, mkono wangu usoni pake, naye akarusha tu juu yangu, mpira ukaingia. Nilifanya kila kitu sawasawa. Pointi mbili. Tumeshindwa.

Nilikaa chini pale pale. Aliyeniinua ni Lavelle.

"Ungefanya nini tofauti?" aliniuliza.

Nilifikiri kwa dhati. "Hakuna."

"Basi simama, bwana. Mara nyingi mtu hawezi hata kusema hivyo."

Watu hawakuondoka. Walisimama wakapiga makofi, si kelele, makofi tu, ya muda mrefu, mpaka wale wa kusini nao wakaanza kutupigia. Ingimar alinijia, nikajua anakuja kutimiza ahadi yake. Akafungua mdomo, akaufunga, akanipa nusu ya sandwichi yake.

23 Aprili

Lavelle amekuja bwawani, ameogelea kutoka ukingo mpaka ukingo, kisha akaketi kwangu kwenye meza, anachuruzika.

Klabu moja ya Hungaria imempigia, inamtaka kwa msimu ujao. Ingimar naye anamtaka. Amewakatalia wote wawili. Shule moja karibu na kwao inatafuta mwalimu wa mpira wa kikapu, na Nyla anataka kujua baba yake anafananaje siku ya kawaida, Jumanne kwa mfano.

"Una uhakika?" nikamuuliza. "Goti litapona."

"Litapona. Sindri, kazi hii haimwambii mtu kwamba imeisha, simu huacha tu kulia, nawe unabaki umeishikilia. Safari hii imelia, na mimi ndiye niliyesema basi." Akatabasamu mpaka akaona haya, akajifunika taulo kichwani. "Hujui utamu wake."

25 Aprili

Siku ya kwanza ya kiangazi kwa kalenda yetu. Theluji inaanguka tangu alfajiri, kama kawaida ya sikukuu hii. Maandamano yalipita na bendera zimelowa, kisha wote tukaingia ukumbini kwa kahawa na keki. Ndege ya Lavelle ni kesho.

Alikuwa amesimama karibu na meza ya keki, sahani mkononi, ndipo watu wakaanza kumwendea. Ketill kwanza. Alimpa mkono, akasema yale tunayosema siku hii: "Heri ya kiangazi, na asante kwa majira ya baridi." Akafuata Njáll. Wakafuata vijana wa timu, msichana wa dukani, mchungaji, Ingimar aliyeshindwa kulimaliza neno la mwisho. Hrefna alimbusu mashavu yote mawili. Ikawa foleni mpaka mlangoni.

Lavelle akaniashiria nisogee. "Wananishukuru kwa nini?" alininong'oneza. "Tulishindwa."

"Si kwa mchezo. Ndivyo tunavyoambiana. Mtu yeyote tuliyevuka naye majira ya baridi, leo tunamshukuru."

"Yeyote?"

"Yeyote aliyekuwepo."

Aliweka sahani chini, akafuta mkono wake kwenye suruali, akaendelea kuwapokea, mmoja mmoja, akiwatazama machoni. Sigurlaug alipofika hakumwachia mkono mpaka amfundishe kuitamka salamu ile kwa lugha yetu. Alimsahihisha mara mbili, mbele ya foleni yote, na watu wakangoja bila kunung'unika.

Kisha Lavelle akavuka ukumbi, akaja nilipokuwa namimina kahawa. Akanyoosha mkono. Akaisema yote, kwa lugha yetu, polepole, bila kukosea: heri ya kiangazi, Sindri, asante kwa majira ya baridi.

Nikaweka birika mezani. Nikamjibu neno kwa neno, kama anavyojibiwa mtu wa hapa.